Kopo la Vifungo vya Bibi

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana unaotazama barabara. Ndani mlikuwa na cherehani mbili. Moja ilikuwa ya kazi. Ya pili ilikuwa ya marehemu mama yake. Ilifunikwa kitambaa cha maua, ikakaa kwenye kona kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Ukutani zilining'inia nguo zilizokwisha kushonwa. Sakafuni palikuwa na gunia lililojaa vipande vya vitambaa, na juu ya gunia hilo ndipo alipokaa Chiriku.

Chiriku ni jina alilopewa na baba yake. Mtoto huyu alianza kusema kabla hajatembea vizuri, na tangu hapo hakunyamaza. Kila alasiri alitoka shule, akaweka mkoba chini, akapanda juu ya gunia, akaanza. Alisimulia nani alilia, nani alimwaga maji, na paka gani alilala juu ya meza ya mwalimu. Fundi alikanyaga cherehani huku akiitikia, "Ehe. Ikawaje?" Wateja walicheka. Walisema fundi huyu hana haja ya redio.

Mwaka huo Chiriku alitimiza miaka saba, akaingia darasa la kwanza. Akaanza kusoma hesabu. Baada ya miezi miwili, redio ilizimika.

Fundi alitaka mema. Alitaka mwanawe ajue hesabu kuliko alivyojua yeye. Akanunua karatasi kubwa yenye namba kutoka moja mpaka mia, akaibandika ukutani. Kila alasiri, kabla ya mchezo wowote, Chiriku alisimama mbele ya karatasi hiyo akaikariri yote. Kisha alikaa kwenye kiti, akaulizwa maswali.

Palikuwa na sharti moja. "Kalia mikono," Fundi alisema.

Yeye mwenyewe alipokuwa shule, mwalimu wake alikuwa na rula ndefu. Mtoto akionekana anahesabu kwa vidole, rula ilishuka juu ya vidole hivyo. Fundi alikua akiamini kwamba vidole ni vya wavivu. Basi Chiriku alitia viganja vyake chini ya mapaja, akavikalia.

"Saba na tano," Fundi aliuliza siku hiyo.

Chiriku alitazama dari. Akatazama viatu vyake kwa muda mrefu.

"Kumi na moja?"

"Fikiri vizuri."

"Kumi na tatu?"

"Sasa unabahatisha."

Siku hiyo Fundi alikuwa amechoka. Sindano ilikuwa imevunjika mara mbili, na mteja alikuwa mlangoni akingojea suruali. Neno likamtoka kabla hajalipima. Alimwambia mtoto kwamba kichwa chake kimejaa maji.

Chiriku hakulia. Alitoa mikono chini ya mapaja, akachukua mkoba wake, akatoka. Kuanzia kesho yake hakupita tena karakanani. Alipita uani moja kwa moja hadi vyumba vyao vya nyuma, akajifungia kimya. Siku zenye hesabu aliamka akisema tumbo linamuuma. Gunia la vipande likabaki bila wa kulikalia.

Mama Chiriku alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini. Alitoka alfajiri na kurudi jioni, mikono ikinuka sabuni. Jioni moja walikuwa wanakunja nguo pamoja, yeye na mumewe. Alinyoosha shuka, akampa Fundi ncha mbili ashike.

"Leo mwanao ameniuliza swali," alisema. "Ameniuliza, maji yaliyo kichwani hukauka baada ya siku ngapi."

Fundi alivuta ncha zake, shuka likanyooka. Alijitetea kwa methali. Akasema samaki mkunje angali mbichi.

"Mkunje, sijakataa," Mama Chiriku alijibu. "Lakini huyu humkunji, Baba Chiriku. Huyu unamkanyaga."

Walimaliza kukunja mashuka yaliyobaki.

*

Jirani wa Fundi alikuwa mshona viatu. Watu walimwita Mzee Soli. Alikaa kwenye kigoda kando ya mlango wa Fundi, msumari mdomoni, na utani haukumwishia. Asubuhi moja aliinua raba za Chiriku alizoletewa azishone.

"Jirani," aliita. "Nimeshona viatu miaka arobaini. Viatu vya watoto hutoboka chini, kwa kuruka. Au hutoboka mbele, kwa kupiga mawe mateke. Hivi vya binti yako vimetoboka juu. Tazama. Hapa, hapa na hapa. Na mwezi jana nilivishona palepale. Mle ndani anafuga panya?"

Fundi alitazama. Kweli kitambaa cha raba kilikuwa kimelika kwa juu, pale vidole vinapokaa. Alicheka kidogo, akasema pengine zimekuwa ndogo. Mzee Soli alitia mkono ndani, akasema hapana, nafasi ipo tele. Jambo hilo likabaki hivyo.

Siku iliyofuata, saa za alasiri, alikuja Mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya upole, na vumbi la chaki halikumwisha mikononi. Alileta gauni lililopoteza vifungo viwili. Fundi alimkaribisha kiti. Mwalimu alikaa, lakini hakuonekana kuwa na haraka ya vifungo.

"Fundi, nisikufiche," alisema. "Gauni ni kisingizio. Nimekuja kwa ajili ya Chiriku."

Fundi aliweka mkasi chini. Aliuliza kama mtoto ameshindwa kabisa.

Mwalimu alisema hapana. Alisema kuna jambo amelitazama kwa wiki nzima. Watoto wengine wakipewa hesabu hutumia vidole, au vijiti alivyowawekea mezani. Chiriku hagusi kijiti. Yeye hutia mikono chini ya mapaja, huinamisha kichwa, na raba zake huanza kutikisika.

"Anahesabu kwa vidole vya miguu," Mwalimu alisema. "Ndani ya viatu. Hesabu isiyopita kumi huipata, ingawa huchelewa. Ikipita kumi, vidole humwishia, na huanza kubahatisha. Nilimuuliza kwa nini hatumii mikono. Alisema mikono ni marufuku."

Nje, nyundo ya Mzee Soli ilikuwa imenyamaza. Mzee huyo alikuwa na masikio marefu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," sauti yake ilipenya mlangoni. "Na wewe jirani umemnyang'anya vyote kumi."

Fundi alimgeukia Mwalimu. Alimweleza Mwalimu kwamba yeye alifundishwa hivyo, na kwamba mtoto akizoea vidole hatajua kufikiri. Alipoishiwa maneno alirudi kwenye kazi yake, kama watu wafanyavyo wakiona aibu. Mezani palikuwa na rundo la kola alizokata asubuhi. Akaanza kuzihesabu.

Mwalimu alimtazama. Mkono wa kushoto wa Fundi ulifungwa kimto kidogo cha pini, kama ulivyokuwa kila siku. Midomo yake ilicheza. Kila baada ya muda mkono wa kulia ulichukua pini mezani ukaichomeka kwenye kimto, halafu ukaendelea na kola.

Chiriku alikuwa ameisikia sauti ya mwalimu wake. Alikuja polepole kutoka uani, akasimama kwenye mlango wa nyuma, nusu ndani nusu nje.

"Chiriku," Mwalimu aliuliza, "baba anafanya nini na zile pini?"

"Anahesabu. Kola zikifika kumi, anachomeka moja."

"Sasa amefika ngapi?"

Chiriku alitazama kimto. Hakutazama viatu. "Pini ni mbili. Na kola tatu kando. Ishirini na tatu."

"Umejuaje?"

"Si pini moja ni kumi?" alisema, kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. Kisha akamgeukia baba yake. Hakuwa na ujeuri. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. "Baba, mbona wewe hukalii mikono?"

Fundi aliutazama mkono wake. Zilikuwa pini mbili. Alikuwa amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuwahi kujiona. Wala hakuwa amejifunza shule. Mtu mmoja tu alihesabu kwa pini hivyo, na cherehani yake ilikuwa pale kwenye kona, chini ya kitambaa cha maua.

Mwalimu alisema taratibu, akichagua maneno ya kazi ya Fundi. Alisema namba saba iliyoandikwa ni alama tu. Mtoto ambaye hajawahi kushika vitu saba, akavipanga, akavigawa, hiyo alama kwake ni kama mkasi uliochorwa ukutani. Hawezi kukatia kitambaa. Kwanza mtoto ashike. Halafu achore alichoshika. Namba ije mwisho, ikimkuta anaijua tayari.

"Na vidole?" Fundi aliuliza.

"Vidole ni vijiti asivyoweza kuvisahau nyumbani. Mwache avitumie. Siku akiwa hana haja navyo, ataviacha mwenyewe. Nani anakuona wewe leo ukitambaa?"

Mzee Soli alicheka peke yake huko nje.

*

Mwalimu alipoondoka, Fundi alisimama juu ya kiti, akanyoosha mkono hadi rafu ya juu kabisa. Alishusha kopo la bati. Zamani lilikuwa kopo la biskuti. Picha ya pembeni ilikuwa imefutika, ikabaki rangi ya bluu kidogo. Kopo lilifungwa kwa utepe wa kupimia wa mama yake. Mama alifariki Chiriku akiwa na miezi mitatu, na Fundi alifunga kopo hilo wiki hiyohiyo. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Kila mwezi alilipangusa vumbi, akalirudisha.

Alifungua fundo. Utepe ulikuwa umekauka, ukatoa sauti kama jani. Alipoinua kifuniko, harufu ikamjia, ya mafuta ya cherehani na sabuni ya kipande. Kwa kitambo kidogo alikuwa na miaka sita, ameketi kwenye sakafu ya chumba hikihiki.

Kopo lilijaa vifungo. Kila kimoja alikijua. Hiki cheusi kikubwa kilitoka kwenye koti la postamasta. Hivi vya kijani vilikuwa vya gauni la bibi harusi fulani, aliyenenepa ghafla akaomba libadilishwe. Mama alikuwa hatupi kifungo. Alikuwa akisema nguo huzeeka, kifungo hakizeeki.

Alikumbuka jinsi mama alivyotandika shuka sakafuni na kumwaga vifungo vyote. Sauti ya vifungo ilikuwa kama mvua ya ghafla juu ya bati. "Haya, bwana mdogo, nipangie." Naye alivipanga. Kwanza kwa rangi. Kisha kwa ukubwa. Kisha vyenye matundu mawili huku, vyenye manne kule. Mama alichukua chaki, akachora mashati sakafuni, na kila shati lilidai vifungo vyake. Halafu ulikuja mchezo wa kikombe. Vifungo kumi. Mmoja anafumba macho, mwingine anaficha baadhi chini ya kikombe. Unatazama vilivyobaki nje, unasema vilivyofichwa ni vingapi. Mama alishindwa mara nyingi mno. Alishika kichwa, akalalamika kwamba mtoto huyu ana macho yanayopenya bati. Mpaka leo Fundi hakujua kama mama alikuwa anashindwa kweli au makusudi.

Hizo zote zilikuwa hesabu. Kabla ya rula, kabla ya shule, alikuwa amekwisha kujua kujumlisha na kutoa, na alidhani anacheza. Rula ndiyo aliyoikumbuka. Mchezo aliusahau. Alilitunza kopo miaka saba kwa mapenzi, akalifunga, na kilichokuwa ndani yake hakumpa mtu.

*

Jumapili asubuhi alimwita Chiriku karakanani. Alitandika shuka, akamwaga vifungo. Sauti ilikuwa ileile ya mvua. Macho ya Chiriku yalipanuka, akachuchumaa, akaokota kimoja cha kijani akakitazama kwenye mwanga.

Hapo Fundi akaharibu.

"Haya, hesabu vyekundu," alisema. "Upesi. Ni vingapi?"

Chiriku alikirudisha kile cha kijani chini. Akakaa. Kisha, bila kuambiwa, akatia mikono yake chini ya mapaja.

Fundi aliona. Mtoto aliomba ruhusa aende, tumbo linamuuma. Fundi alimruhusu, akabaki na vifungo mia kadhaa sakafuni.

Mwalimu alipokuja Jumatatu kuchukua gauni, Fundi alimweleza yote bila kujificha. Alisema mchezo kwa mtoto wake haufai. Mwalimu alitabasamu.

"Haukuwa mchezo, Fundi. Ulikuwa mtihani wenye vifungo. Ulibadilisha ubao tu."

Akamweleza tofauti. Kwenye mchezo kila mtu ana zamu, hata mzazi. Kwenye mchezo mzazi anaweza kushindwa, na mtoto anaweza kukosea bila uso wa mtu kubadilika. Mtoto akijibu, iwe sawa au si sawa, usikimbilie kusema ndiyo au siyo. Muulize, umejuaje? Akieleza, mara nyingi kosa atalikamata mwenyewe. Na dakika kumi na tano zinatosha. Acheni akiwa bado anataka, ili kesho aje mwenyewe.

"Ila kabla ya hayo yote," Mwalimu aliongeza akiwa mlangoni, "kuna neno nadhani unadaiwa."

Fundi alilijua neno hilo. Alikwenda uani. Chiriku alikuwa ameketi kwenye ngazi, anachora kwa kijiti mchangani. Fundi aliketi ngazi ya chini yake, ili uso wake usiwe juu ya uso wa mtoto.

"Mwanangu, nilisema neno baya. Kichwa chako hakina maji. Baba alikosea."

Chiriku alifikiri. "Yamekauka?"

"Hayakuwapo. Hata siku moja."

Mtoto aliendelea kuchora. Baada ya muda akauliza, "Na mikono?"

Fundi alinyoosha viganja vyake viwili mbele yake. "Mikono ni ya kazi. Twende unisaidie, nimeshindwa kuvirudisha vile vifungo kopo lijae sawasawa."

Siku hiyo hakuuliza hesabu yoyote. Walipanga tu. Chiriku aliweka vya kijani pamoja, akasimuliwa habari za bibi harusi aliyenenepa, akacheka mpaka akaegemea gunia. Aliuliza cheusi ni cha nani. Aliuliza bibi alikaa wapi, alicheka vipi. Kesho yake alikuja mwenyewe, mkoba ungali mgongoni. Fundi alileta kikombe.

Walianza na vifungo vitano, wakaenda saba, wakaenda kumi. Siku za kwanza Fundi alishindwa makusudi, kama alivyoshuku kwamba mama yake alifanya. Siku ya nne hakuwa na haja. Chiriku alificha vifungo, Fundi akatazama vinne vilivyobaki, akasema vilivyofichwa ni saba. Mtoto alimwangalia kwa huruma.

"Umejuaje, baba?" aliuliza.

Fundi alianza kueleza, akafika katikati, akakamatwa na kosa lake mwenyewe. Chiriku aliinua kikombe. Sita. Alipiga makofi, na Mzee Soli akaingia kuuliza kuna nini. Naye akapewa zamu. Naye alishindwa mara tatu mfululizo. Akalalamika kwamba kikombe kina uchawi, akarudi kwenye kigoda chake akinung'unika.

Lakini alirudi kesho yake na zawadi. Alikuwa amekata kisigino cha mpira cha kiatu cha zamani, akakifanya dadu, akachoma nukta kila upande kwa msumari wa moto. Karatasi ya namba ikashushwa ukutani, ikatandikwa sakafuni. Kila mchezaji alikuwa na kifungo chake, akikisogeza kwa nukta alizopata, kutoka moja kukimbilia mia. Tatizo la dadu la mpira ni kwamba lilidunda. Mara mbili lilidunda hadi barabarani, na mpita njia mmoja alilirudisha akasema ni sita, kwa sababu aliliona yeye.

Siku nyingine hawakugusa vifungo. Walipima meza kwa shibiri, viganja vikiwa vimetanuliwa. Meza ile ile ikawa shibiri saba za Fundi na kumi na moja za Chiriku, na Chiriku akataka kujua nani kati yao ni mwongo. Walilizungumza hilo muda mrefu, mpaka akaelewa kwa nini watu walitengeneza utepe wa kupimia. Mama Chiriku naye alipata mchezo wake. Jioni, nguo zikitoka kwenye kamba, Chiriku alipanga soksi jozi jozi na kuhesabu mbili, nne, sita.

Baadaye alianza kuchora vifungo kwenye daftari, duara duara. Baadaye tena maduara yalimchosha, akaandika namba peke yake. Hakuna aliyemwambia. Tumbo halikumuuma tena siku za hesabu, ingawa aliendelea kukosea kama watoto wote, na siku moja alikasirika akalipiga dadu teke. Wakaacha. Kesho yake wakacheza tena.

*

Karibu na mwisho wa mwaka Fundi alipata kazi ya mashati tisa meupe ya wahudumu wa hoteli. Kila shati lilitaka vifungo sita. Alinunua vifungo vyeupe, vilivyoshonewa kwenye kadi ngumu, kumi kumi. Kadi zilikuwa tano. Mashati yalipokwisha kushonwa aliyatandaza mezani, akamwambia Chiriku apange vifungo juu yake, sita kwa kila moja. Yeye aligeuka kutia uzi kwenye sindano.

"Baba, havitoshi," Chiriku alisema.

Mwenye mali alikuwa anakuja baada ya saa moja, na duka la vifungo lilikuwa mbali. Neno "vinatosha" lilimfika Fundi mdomoni. Alilimeza.

"Umejuaje?"

Chiriku aliweka kidole kwenye kadi ya kwanza. "Kila kadi imetoa shati moja, ikabakiza vinne. Kadi ni tano. Hayo ni mashati matano. Vile vinne vinne nimevikusanya, vimekuwa ishirini. Vimetoa mashati matatu, vikabaki viwili. Sasa ni mashati manane. Hili la mwisho lina viwili tu. Vinapungua vinne."

Fundi alikwenda mezani, akapitia shati moja moja. Mkono wake, wenyewe, ulichukua pini. Vilipungua vinne.

Walitazamana, kisha wote wawili wakatazama kopo, ambalo siku hizi lilikaa juu ya cherehani ya Bibi, bila utepe. Chiriku alilimwaga kwenye shuka. Alitafuta vyeupe, vya ukubwa ule, vyenye matundu manne. Alivipata chini kabisa, vinne vimefungwa pamoja kwa uzi wa bluu. Alimpa baba yake.

Fundi alivijua mara moja. Vilikuwa vya shati lake la kwanza la shule. Mama alivikata shati lilipochakaa, akavifunga kwa uzi ule kwa mikono yake. Alivishika kiganjani kwa muda. Tangu mama afariki hakuna kifungo kilichowahi kutoka kwenye kopo lile kikaenda kwa mtu. Kisha alichukua mkasi mdogo, akakata uzi wa bluu, akaketi kushona.

Chiriku alipanda juu ya gunia, akaanza. Alisimulia kwamba leo mwalimu amemwita mbele awaonyeshe wenzake mchezo wa kikombe, na kwamba yule paka amezaa watoto watatu ndani ya sanduku la vitabu, na kama kila mtoto wa paka ana macho mawili basi ni sita, lakini hayajafunguka, kwa hiyo labda hayahesabiwi. Nje, Mzee Soli alilalamika kwa sauti kwamba mtoto huyu amemharibia kazi. Raba zake hazitoboki tena juu.

"Ehe," Fundi aliitikia. "Ikawaje?"

Lakini Chiriku alikuwa ameacha kusimulia, anautazama uzi ukipita kwenye tundu la kifungo cha nne.

"Baba, Bibi alijuaje kwamba tutahitaji vinne?"

Fundi alivuta uzi, akaukaza, akaukata kwa meno.

"Alihesabu," alisema.

"Kwa pini?"

"Kwa pini."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Jibu hilo lilimtosha. Akarudi kwenye habari za paka.